Masanja Alikuwa na Miaka Sitini na Mitatu

Majirani wa Bi Shamsia Mwishehe pale Kisarawe wameuzoea ule waya. Unatoka kwenye mnazi wa uani, unapita juu ya bati, unaishia kwenye nguzo ya mkaratusi nyuma ya choo. Mgeni akiuliza ni waya wa nini, huambiwa, "Huyo mama huongea na Wajapani." Wengine husema hivyo kwa kucheka. Shamsia mwenyewe haudhiki, maana ni kweli.

Alizaliwa Februari 1958, palepale Kisarawe, kwa baba aliyelima mihogo na kuuza nazi. Mwaka 1979 alipata kazi reli, akafundishwa Morse miezi sita, akapelekwa kuwa karani wa simu stesheni ya Soga. Siku hizo stesheni ziliulizana habari za treni kwa nukta na mstari, waya kwa waya, mchana na usiku. Stesheni ya Magindu, mbele kidogo kuelekea bara, alikuwako karani aitwaye Adam Masanja, Msukuma wa Kwimba aliyeletwa na kazi huku Pwani. Shamsia aliujua mkono wake kabla ya kuijua sura yake.

Maana kila mtumaji ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwendo wake. Mkono wa Masanja ulichechemea. Utotoni alipigwa teke na ng'ombe kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, ukaunga vibaya. Kila alipotuma mistari miwili mfululizo, ule wa pili ulichelewa kidogo, kama mtu anayevuta mguu kupanda ngazi. Wakubwa walimsema, akajaribu kujirekebisha, ikashindikana. Shamsia alikuwa akiusikia ule mstari wa pili anajua moja kwa moja kwamba Magindu yuko zamu.

Miaka miwili walizungumza hivyo bila kuonana. Walipokutana mara ya kwanza, kwenye semina ya wafanyakazi, Shamsia alimkuta kijana mrefu mwenye aibu, akamwambia, "Kumbe ndiye wewe unayechechemea."

"Kumbe ndiye wewe unayekimbia," akajibu Masanja.

Wakacheka. Kuanzia hapo akawa kaka, na yeye akawa dada. Masanja alikuwa amemzidi miezi kumi na moja tu, lakini aliidai shikamoo yake bila kuona haya. Basi wakaifupisha. Shamsia akiingia zamu alituma herufi mbili, S na H, nukta saba za haraka. Masanja akajibu M na R. Marahaba.

Morse ikaondolewa reli, zikaja simu za kuongea. Shamsia alikuwa ameolewa na ameshafiwa na mume, ana binti mmoja wa kulea. Akaacha kazi, akarudi Kisarawe, akafungua duka la madaftari na sabuni. Masanja alibaki Magindu, akaoa msichana wa kwao aitwaye Elina, akanunua ng'ombe. Huenda yote yangeishia hapo. Lakini mwaka 1994 mhandisi mmoja wa maji, aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia Masanja redio mbili kuukuu za mawasiliano. Masanja alisafiri mpaka Kisarawe akiwa ameibeba moja kwenye gunia la mkaa.

"Dada, vidole vyako vimelala sana," alisema, akaiweka juu ya kaunta ya duka.

Wakafanya mtihani, wakapata leseni za redio ya ridhaa, kila mmoja na jina lake la hewani. Na mwaka 1996 wakaingia shindano la Juni kwa mara ya kwanza.

Shindano lenyewe ni hivi. Linaanza Jumamosi saa tisa kamili alasiri kwa saa zetu, linakwisha Jumapili saa ileile. Unawasiliana kwa Morse na vituo vingi uwezavyo, hasa vya Asia, na kila mnapokutana mnapeana mambo mawili tu. La kwanza ni namna mnavyosikiana. La pili ni umri. Mwenye miaka ishirini anatuma ishirini, mwenye themanini anatuma themanini, kisha mnaagana kwa T na U, yaani asante, kila mtu anaandika kwenye daftari lake na kutafuta mwingine. Wanawake wanaruhusiwa kuficha umri wao kwa kutuma sifuri mbili.

Shamsia hakuwahi kuzituma. "Shuleni sikuwahi kupata yai," alisema, "nije kujipa mayai mawili ukubwani?" Akatuma thelathini na nane, mwaka uliofuata thelathini na tisa, na hivyo hivyo. Masanja alimtania kila mwaka kwamba atume mayai, pengine Mjapani mmoja atampenda.

Na kila mwaka, saa tisa kamili, kabla ya kumtafuta mtu mwingine yeyote, walitafutana wao kwa wao. Mtanzania kwa Mtanzania hakuna pointi hata moja. Walipoteza dakika nzima ya mwanzo, ambayo ndiyo dakika tamu. Shamsia alituma SH, Masanja akajibu MR, wakapeana umri, basi. Mwaka 2003 Shamsia alishika nafasi ya pili Afrika kwa wenye redio ndogo, akatumiwa cheti. Masanja hakuwahi kufika mbali. Ng'ombe wake walikuwa wakivunja nguzo ya antena kwa kujikuna.

Ukishiriki shindano la namna hiyo miaka mingi, unakuja kuona jambo ambalo hukulitafuta. Shamsia alihifadhi madaftari yote kwenye sanduku la bati. Alipoyafunua aliona watu wakizeeka ukurasa kwa ukurasa: Mjapani wa Nagano, sabini na saba, sabini na nane, sabini na tisa. Themanini hakuituma. Mrusi mmoja aliishia hamsini na moja. Hakuna aliyewaandikia kwamba fulani amefariki. Namba ilikuwa inasimama tu.

Ya Masanja ilisimama kwenye sitini na tatu. Hiyo ilikuwa Juni 2020. Novemba presha ilimwangusha zizini asubuhi, na jioni hakuwepo tena. Shamsia alifika Magindu kesho yake, jeneza likiwa tayari limefungwa, akatupa udongo kama ndugu. Elina alimshika mkono muda mrefu.

*

Juni iliyofuata Shamsia alikaa mbele ya redio kwa mazoea zaidi kuliko kwa hamu. Jua lilikuwa kali, mbuzi wa jirani wamelala kivulini, na barazani kaka yake wa damu, Faraji, alikuwa akibangua korosho. Ilipofika saa tisa kamili, sikio lake lilikwenda lenyewe kwenye masafa yale waliyozoea kukutania.

Jina la hewani la Masanja lilikuwa pale, linaita.

Liliingia nene na safi, kama siku zote. Likamwita yeye. Likatuma kwamba anasikika vizuri sana, kisha sita, kisha tatu. Tatu katika Morse inakwisha kwa mistari miwili. Wa pili ulichelewa, ukivuta mguu.

Kidole cha Shamsia kilijibu kabla akili haijafika. Naye mwaka ule alikuwa na sitini na tatu. Akatuma sitini na tatu. Ikaja T, ikaja U, kukawa kimya.

Ndipo akili ilipofika. Akavua visikizi, akampigia Elina simu.

"Wifi, redio ya kaka iko wapi?"

"Iko kwenye kasha," akasema Elina. "Tangu msiba sijaigusa. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikumbuka tu."

Alijieleza mwenyewe kwamba kuna wezi wa majina hewani, watu wanaookota jina la marehemu na kulitumia kwa mchezo. Wapo kweli, alishawasikia. Lakini mwizi wa jina anaiba vipi kiwiko kibovu? Na jambo jingine lilimsumbua, dogo kabisa, ambalo hakulitambua mpaka alipokuwa amejilaza: salamu haikuwepo. Hakuituma yeye, wala hakudaiwa. Ilikuwa kama watu wa rika moja waliokutana njiani.

Mwaka mzima ukapita. Akauza madaftari, akapata mjukuu wa pili, akaenda hospitali kwa ajili ya magoti. Ilipofika Juni 2022, alikuwa amekwisha kutimiza sitini na minne.

Saa tisa kamili jina lilikuwepo. Safari hii Shamsia alikuwa tayari, au alidhani yuko tayari. Aliandika kila kilichoingia. Anasikika vizuri sana. Sita. Tatu, na mstari wake mlemavu. Akatuma sitini na nne. Akasubiri asante.

Asante haikuja. Ulipita muda, kama mtu aliyeambiwa jambo anajaribu kulielewa. Kisha zikaja nukta saba za haraka, tatu kwanza, halafu nne.

SH.

Shamsia alizitazama zile herufi alizoziandika kwa penseli. Mara ya kwanza hakuzielewa. Miaka yote ilikuwa yeye anayezituma. Halafu zikamwingia. Masanja alikuwa bado na sitini na mitatu. Yeye alikuwa na sitini na minne. Sasa yeye ndiye mkubwa, na mtu mwenye adabu zake alikuwa akimwamkia.

Hakujibu. Akanyoosha mkono nyuma ya redio, akachomoa waya wa antena.

Kila mwenye redio anajua kinachotokea ukichomoa antena: dunia inanyamaza. Wajapani walinyamaza. Warusi walinyamaza, na ule uvumi wa hewani wenyewe, sauti kama ya upepo, ukakatika. Kinachoweza kubaki ni kituo kilicho karibu mno, cha nyumba ya pili au ya tatu. Magindu iko zaidi ya kilomita sabini kutoka Kisarawe.

SH, ilisema redio, nene vilevile.

Akasimama, akachungulia dirishani. Mihogo, ukuta wa jirani, mbuzi watatu, kanga zimeanikwa. Mtu hakuwepo.

SH.

Ilikuwa mara ya tatu. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipokaribishwa huondoka. Baada ya hapo hakukuwa na kitu tena.

Faraji alimkuta ameketi sakafuni, waya mkononi. Alikuwa mzee wa sabini na miwili, mtu wa maneno machache, mwadhini wa zamani. Shamsia alimweleza yote tangu mwaka uliopita.

"Umeitika?" aliuliza Faraji.

"Sijaitika, kaka."

"Alhamdulillahi." Akauchukua ule waya mikononi mwake taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Marehemu mama alitufundisha nini? Ukiitwa na usiyemwona, kaa kimya. Ukiitika umekubali. Na ukikubali hujui umekubali nini."

"Hakuniita, kaka. Ameniamkia."

"Ndiyo hiyo hiyo. Amekuita kwa adabu."

*

Mwezi wa nane alikwenda Magindu. Aliwahi basi la alfajiri, Mlandizi akachukua bodaboda, na kabla ya adhuhuri alikuwa uani kwa Elina. Nyumba ilikuwa ileile ya matofali ya kuchoma, zizi nyuma yake, na nyuma ya zizi kaburi lenye msalaba wa saruji. Elina alikuwa amepungua. Alimpa maziwa mgando na kiti cha kamba, akakaa mkekani mbele yake.

"Wifi," alisema Shamsia, "naomba nione redio ya kaka."

Elina akainuka. Wakaingia ndani. Kasha lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kwa kamba ya katani. Redio ilikuwa imeviringishwa kitenge. Shamsia alipokifunua, nyigu wawili waliokufa walianguka chini. Walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo ndani, wakaziba matundu yote ya nyuma, na panya wamekwisha kula nyaya. Chombo kile kisingetoa sauti hata kwa muujiza.

"Na kibonyezo chake? Kile cha shaba alichotumia kutuma Morse?"

"Niliomba wamzike nacho," alisema Elina. "Nilikiweka mwenyewe, kwenye mkono wa kulia. Wewe ulikuwa hujafika." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sasa niambie, wifi. Hukusafiri na magoti hayo kwa ajili ya nyigu."

Shamsia akamwambia. Alimweleza kwa utaratibu, siku, saa, namba, na nukta saba. Elina alisikiliza macho yakiwa kwenye dirisha dogo, ambako ng'ombe walikuwa wakisukumana kwenye birika la maji. Machozi hayakumtoka. Alipofungua kinywa, aliuliza jambo ambalo Shamsia hakulitarajia.

"Miaka yote ile mlikuwa mnaambiana nini?"

"Shikamoo na marahaba. Na umri."

"Na umri."

"Basi, wifi. Wallahi hakuna kingine."

"Nilikuwa nikikaa pale mlangoni nasikia ti-ti-ti," alisema Elina. "Nilidhani ni mambo makubwa. Hakunifundisha hata herufi moja. Nilimwomba, akasema ni kazi ngumu." Akakunja kile kitenge mara mbili, mara nne. "Mwitikie. Mtu hasalimii mara tatu akaachwa mlangoni. Mimi kwetu sikufundishwa hivyo."

"Kaka Faraji anasema nikiitika nimekubali."

"Umekubali nini? Kumwambia marahaba?" Sauti yake ilipanda kidogo, ikashuka. "Juni ijayo nakuja. Nataka kusikia."

Shamsia alirudi na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao. Upande mmoja kaka, upande mwingine wifi, na yeye katikati na kidole chake. Mara mbili aliamua kushusha waya. Mara mbili alipanda ngazi mpaka nusu, magoti yakamkatalia, au alisema ni magoti.

*

Elina alifika Kisarawe siku ya Ijumaa, Juni 2023, na kibuyu cha maziwa na gauni jipya la kijani. Jumamosi alilivaa. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza, mikono mapajani, kama aliyekuja kusikiliza kesi. Shamsia hakuvaa visikizi. Alifungua spika ili wote wasikie. Faraji alikataa kuingia ndani. Alikaa barazani na msahafu, mlango ukiwa wazi, na walimsikia akisoma kwa sauti ya chini.

Saa tisa ilifika. Masafa yalikuwa matupu, uvumi tu. Dakika tano. Dakika tisa. Elina alikuwa ameanza kutazama sakafu.

Dakika ya kumi na moja jina likaja.

"Ni yeye?" alinong'ona Elina.

"Ni yeye."

Shamsia aliandika kila herufi kwa penseli, kubwa, ili Elina naye asome. Sita. Tatu. Elina alilisikia lile chechemeo bila kuambiwa, akafumba macho. Shamsia akatuma sitini na tano. Muda ukapita, uleule wa mtu anayejaribu kuelewa. Kisha SH.

Barazani Faraji aliacha kusoma.

Shamsia alisema baadaye kwamba hakufikiri lolote. Hakumkumbuka mama yake wala kaka yake. Alimwona tu mtu mrefu mwenye aibu amesimama juani, kofia mkononi. Akabonyeza M, akabonyeza R.

Hakuna kilichotokea. Kuku walikuwa wakipekua uani. Shamsia alianza kupumua. Ndipo spika ilipoanza tena, taratibu mno, herufi moja moja, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Penseli ikafuata. N, A, N, I. Elina alisogea karibu. Y, U, K, O. N, A, W, E.

NANI YUKO NAWE.

"Mwambie ni mimi," alisema Elina.

"Wifi, subiri."

"Mwambie!"

Shamsia akatuma jina lile, herufi tano. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote, na ndani yake Shamsia aligundua kwamba hata ule uvumi wa redio umepotea, kama siku ile aliyochomoa waya. Lakini waya ulikuwa mahali pake. Kisha ikaja U. Ikaja M, na mstari wake wa pili ulichelewa sana safari hii. Ikaja R, ikaja I.

UMRI.

Elina alilisoma neno kwenye karatasi, uso ukalainika kama wa msichana. "Ananiuliza umri wangu," alisema. "Anaujua, lakini ananiuliza. Mwambie nina—"

Hapo ndipo Shamsia aliposhikwa na hofu, si ya nafsi yake. Ilimjia kwamba namba inayotumwa inaandikwa. Huko aliko Masanja pana daftari, na jina la Elina limekwisha kuandikwa, na mbele ya jina pana nafasi tupu inayongoja. Yeye mwenyewe alikwisha kuandikwa humo tangu zamani. Elina bado. Kabla mwenzake hajamaliza kusema, alibonyeza mistari mitano, akapumzika, akabonyeza mitano mingine. Sifuri, sifuri. Mara ya kwanza katika maisha yake.

Spika ikasema T. Ikasema U. Uvumi wa hewani ukarudi wote kwa pamoja, na ndani yake Mjapani mmoja mwenye haraka akiita.

"Umemwambia nini?" aliuliza Elina.

Shamsia hakuwa hodari wa kusema uongo. Alimweleza.

Elina aliinuka. "Miaka thelathini na sita nimempikia yule mtu, nimemzalia, nimemkanda ule mkono kila masika ulipomuuma. Akaniuliza swali moja, la kwanza, na wewe ukamjibu mimi ni yai."

"Wifi, niliogopa. Nilitaka kukukinga."

"Nani alikwambia nataka kukingwa?"

Usiku ule hakula. Asubuhi aliondoka bila kungoja chai, na Faraji ndiye aliyemsindikiza stendi. Faraji alirudi akasema kwamba mama yule, alipopanda basi, alimwuliza kama sifuri inaweza kufutwa ikishatumwa.

"Ukamjibu nini?" aliuliza Shamsia.

"Nilimwambia mimi ni mwadhini."

*

Kwa miezi mingi hawakupigiana simu. Shamsia alituma salamu za Krismasi, hazikujibiwa. Juni 2024 alikaa mbele ya redio kuanzia saa nane na nusu. Masanja hakuja, si saa tisa, si baada yake. Saa tisa na nusu simu ikalia.

"Amekuja?"

"Hajaja, wifi."

Simu ikakatwa.

Mtu angetegemea Shamsia afurahi, na Faraji alichinja jogoo kabisa. Lakini yeye alijikuta akizunguka masafa yale hadi kesho yake, akapata pointi chache kuliko mwaka wowote. Hakujua kama alichokifanya kilikuwa kumpumzisha Masanja au kumfungia mlango mkewe.

Januari mwaka huu, siku ya mvua, Elina alitokea dukani na begi la nguo. Aliacha ng'ombe kwa mwanawe mkubwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua daftari la jalada gumu, akaliweka kaunta.

"Nifundishe," alisema.

Wakaanza siku ileile. Elina alikuwa mwanafunzi mgumu, vidole vimezoea chuchu za ng'ombe na mpini wa jembe, lakini hakuchoka. Baada ya kupika, baada ya kusali kila mtu kwa njia yake, walikaa mezani Shamsia akibonyeza, Elina akiandika. A mpaka F zilichukua Februari yote. Kufikia Mei alikuwa amefika Z, anasoma maneno mafupi bila kuvuta pumzi. Walirudi kuwa wifi na wifi. Walicheka hata.

Jambo moja tu Shamsia alilisogeza mbele kila wiki. "Tarakimu tutazifikia," alisema. "Herufi hazijakaa mkononi bado." Elina alimtazama kwa utulivu, akasema sawa.

Shindano la Juni mwaka huu walilikalia pamoja, spika wazi. Masanja hakusikika. Shamsia alifanya kazi yake, Japani, India, Korea, kila mmoja akitaja umri wake, sabini na moja, hamsini na nane, arobaini na tisa, kutwa nzima hewani. Elina alikuwa kwenye kigoda chake na daftari, ameinama, penseli haipumziki. Shamsia alidhani anajizoeza herufi.

Jioni, Elina alipokwenda kuchota maji, Shamsia alilivuta lile daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari kumi, imepangwa vizuri, nukta na mstari mbele ya kila tarakimu, sifuri mpaka tisa. Alikuwa amezichambua mwenyewe, kwa kusikiliza umri wa wageni na kuchungulia kila namba Shamsia aliyokuwa akiandika. Zote zilikuwa sahihi; sasa angeweza kutuma umri wake mwenyewe.

Elina aliingia na ndoo, akamkuta amelishika.

"Hapa kwenye sita umekosea," alisema Shamsia.

Elina alitua ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, akaja kutazama. Aliuweka ukucha wake chini ya ule mstari mmoja na nukta nne, akazihesabu bila kutoa sauti.

"Sijakosea, wifi," alisema.